Nyumba Ikishaezekwa: Soko la Custom na Biashara ya Kuijaza Nyumba Juba

Ukisimama dakika kumi kwenye kipilefti cha Custom, jijini Juba, utaona nyumba za watu zikipita vipande vipande. Raksha, ile ambayo Dar es Salaam huitwa bajaji, imebeba godoro juu ya paa, limekunjwa na kukazwa kamba. Nyuma ya bodaboda abiria amekumbatia sinki la chuma, koki yake imemfika kidevuni. Mkokoteni unavuka barabara na viti vya plastiki vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine, ndoo mbili za rangi na mabomba ya maji yanayochomoza mita nzima nyuma ya msukumaji. Kila mzigo una kwao: Gudele, Munuki, Gumbo ng'ambo ya mto, Sherikat, au kituo cha magari yaendayo Yei na Torit.

Jina Custom ni neno la forodha, nalo linalifaa soko hili, kwani karibu kila bidhaa iliyopangwa hapa imevuka mpaka kabla ya kufika. Konyo Konyo ndilo soko kongwe la chakula na mengineyo, na Jebel nalo lina wateja wake upande wa magharibi ya mji. Custom limekaa njia panda, si mbali na Chuo Kikuu cha Juba, penye magari ya abiria kila saa. Mtu anayetoka kazini na orodha ya vitu mfukoni hulipitia hata kama hakupanga.

Orodha hizo zimeongezeka. Vita vilivyoanza Juba tarehe 15 Desemba 2013 viliwahamisha watu kwa mamia ya maelfu, na mapigano ya Julai 2016 yakaondoa wengine, hasa watu wa Equatoria, kusini mwa nchi, waliokimbilia Uganda. Kambi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti mwaka huo na kabla mwaka haujaisha ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Mkataba wa amani uliotiwa saini Addis Ababa mwezi Septemba 2018 uliwapa baadhi ya watu moyo wa kurudi. Kisha vita vya Sudan, vilivyozuka Aprili 2023, vikawasukuma wengine kutoka kaskazini: hadi mwanzoni mwa 2025 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamevuka kuingia Sudan Kusini, wengi wao wakiwa Wasudan Kusini wenyewe. Si wote waliofikia kujenga. Wengi wangali kambini na kwa ndugu. Lakini wale waliopata kiwanja chao kikiwa bado chao, na wakapata cha kuanzia, wamesimamisha tena kuta.

Kuta zenyewe hazitegemei sana mpaka. Matofali huchomwa jirani na mji, mchanga huzolewa mtoni na kwenye makorongo, kokoto hupondwa kwa nyundo chini ya Jebel Kujur, kazi ambayo kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake. Hapo fedha ya mwenye nyumba inazunguka mtaani. Bati linapokaa juu ya kenchi, mambo hugeuka. Mlango, kitasa, waya, swichi, tenki, kigae, godoro, sufuria na pazia, kimoja baada ya kingine, huanza kuuliza dola. Nyumba ambayo kwa jirani inaonekana imekwisha, kwa mwenyewe ndiyo kwanza imeanza kugharimu.

Hapo ndipo ilipo biashara kubwa ya masoko ya Juba, na hapo pia ndipo Sudan Kusini inapopoteza nafasi kubwa ya kuwapa watu wake kazi. Vitu vinavyoijaza nyumba vingeweza kutengenezwa hatua mia moja kutoka vinapouzwa. Baadhi vinatengenezwa tayari.

Mlango kwanza

Katika nyumba ya Juba, kitu cha kwanza baada ya paa ni mlango, na mlango ni wa chuma. Mji uliozoea kusikia risasi usiku haununui mlango wa mbao laini. Madirisha hufuata kwa sababu hiyo hiyo: grili kwanza, kioo baadaye, na nyumba nyingi hukaa mwaka mzima na grili bila kioo, pazia peke yake likizuia vumbi.

Mlango huu hauuzwi dukani. Unaagizwa kwa fundi wa kuchomelea, na wapo kando ya kila barabara kubwa ya Juba, chini ya kibanda cha mabati, jenereta ikinguruma nyuma. Fundi huenda kupima tundu la mlango mwenyewe, maana ukuta uliojengwa kwa haraka mara nyingi haukunyooka, na sentimita moja ya upungufu juu itamrudisha kazini na grainda. Akirudi hukata bomba la mraba kwa fremu, hulipanga chini kwenye udongo, na hupima kona kwa kona kwa uzi. Vipimo viwili vikilingana, fremu imekaa sawa. Hapo ndipo anapogusisha kijiti cha kuchomelea kona zote nne, kidogo kidogo, ili joto lisipinde chuma. Bati zito hulazwa juu ya fremu, urembo wa vyuma vya bapa hufuata, kisha bawaba tatu, komeo la ndani na nafasi ya kufuli. Msasa, rangi ya kuzuia kutu, na mwisho rangi anayoitaka mteja. Mlango wa kawaida huchukua siku moja au mbili kama umeme na fedha za mteja vyote vipo.

Ukiuchambua mlango huo kwenye karatasi, unapata hesabu mbili. Chuma, vijiti, rangi na kitasa vimetoka nje. Sehemu kubwa ya chuma hutoka viwanda vya Uganda kama Roofings na Steel and Tube, na kufuli nyingi ni za China. Dizeli ya jenereta nayo huingia kwa malori. Kilichobaki ni kazi ya mikono: vipimo, kukata, kuchomelea, kusafirisha, kufunga ukutani. Hicho ndicho kipande ambacho fedha yake hulala Juba. Katika mlango kipande hicho ni kinene. Katika kiti cha plastiki kilichoshushwa kwenye lori kikiwa tayari, ni faida ya muuzaji na nauli ya mkokoteni tu.

Kilomita 192

Bidhaa za Custom zina barabara moja ya kutegemea. Kutoka mpaka wa Nimule hadi Juba ni kilomita 192, barabara iliyowekwa lami kwa fedha za Marekani na kukamilika mwaka 2012, mwaka mmoja baada ya uhuru. Ndiyo barabara kuu ya kwanza ya lami iliyounganisha nchi hiyo na jirani. Nyuma yake kuna Elegu upande wa Uganda, Gulu, daraja la Karuma, Kampala, na kwa kontena la vigae au la vifaa vya umeme, Malaba na bandari ya Mombasa. Toka Mombasa hadi Juba ni zaidi ya kilomita 1,600.

Njia moja ikiwa ndiyo tegemeo, kila kinachotokea humo hufika hadi kwenye bei ya godoro. Aprili 2021, baada ya madereva kuuawa katika mashambulizi ya barabarani, malori yaliegeshwa Elegu na wenzao wakakataa kuingia hadi wahakikishiwe usalama. Kuanzia Septemba 2024 Uganda ililifunga daraja la Karuma, lililojengwa 1963, kwa miezi mitatu ya ukarabati, na magari ya kaskazini yakalazimika kuzunguka njia ndefu zaidi. Mvua zikizidi, Elegu yenyewe hufurika, kwa kuwa imekaa bondeni kando ya mto Unyama.

Kuna pia karatasi. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na mfanyabiashara wa Kampala au Nairobi alitarajia mpaka wa Nimule utafanana siku moja na wa Busia. Safari hiyo imekuwa ya polepole. Tozo hupishana: za serikali kuu, za jimbo, za vizuizi vya njiani. Mwezi Februari 2024 zilitangazwa tozo mpya juu ya mizigo, zikiwemo za usalama na za kufuatilia mizigo kwa njia ya kielektroniki. Malori yakakwama mpakani, hadi Umoja wa Mataifa ukasema hadharani kwamba hata mafuta yake ya shughuli za misaada yamezuiwa, ndipo serikali ikalegeza. Umoja wa Mataifa una msemaji wa kulalamika. Mwenye kontena la masinki hana, na siku zake za kusubiri Nimule huziweka kwenye bei.

Tozo kubwa inayojulikana mfanyabiashara anaweza kuipangia. Anayoshindwa nayo ni ile inayobadilika kati ya safari moja na nyingine. Asipojua gharama ya mzigo ujao, hupandisha bei ya mzigo uliopo dukani ili ajikinge, na anayelipia kinga hiyo ni familia inayojenga.

Bei ya leo

Pauni ya Sudan Kusini ilizaliwa Julai 2011, na kwa miaka minne ya mwanzo serikali iliishikilia karibu pauni 3 kwa dola. Desemba 2015 iliachiwa ielee, na kwa siku moja dola ikawa zaidi ya pauni 18. Oktoba 2016 mfumuko wa bei wa mwaka ulipita asilimia 800. Mwaka 2024 ukaja pigo jingine: mwezi Februari bomba linalopeleka mafuta ghafi bandarini Port Sudan lilipasuka ndani ya eneo la vita, nchi ikapoteza sehemu kubwa ya mauzo ya bidhaa ambayo huipa serikali karibu mapato yake yote. Dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa pauni 1,000 na ushee mwanzoni mwa mwaka ilikuwa imepita 3,000 kabla mwaka haujaisha. Watumishi wa umma, ambao kwa kawaida ndio wateja wa uhakika wa makochi na majokofu, walikaa miezi mingi bila mshahara.

Kwa mwenye duka la vifaa, fedha inayoshuka hivyo ina kanuni moja: usiuze kwa bei uliyonunulia, uza kwa bei utakayonunulia tena. Ndiyo maana bei ya tenki la maji haibandikwi. Mteja huambiwa "bei ya leo", na akisema atarudi kesho, hamlaumu mtu akiikuta nyingine. Wenye nyumba nao wamejifunza kanuni yao. Pauni zikipatikana hazikai. Zinageuzwa mara moja kuwa mfuko wa saruji, boksi la vigae, roli la waya. Ndani ya nyumba nyingi ambazo hazijaisha utakuta chumba kimoja kimefungwa kufuli, na humo zimo akiba za familia kwa umbo la vifaa: sinki lililosubiri miaka miwili kupata bomba, vitasa vya milango ambayo haijachomelewa bado.

Benki zipo. KCB ya Kenya ilifungua Juba mwaka 2006, Equity ikafuata, na Benki ya Ushirika ya Sudan Kusini ikaanza 2013 kwa ubia na Co-operative Bank ya Kenya. Lakini mkopo wa muda mrefu wa nyumba ni adimu mno katika nchi ambayo fedha yake hupoteza thamani kabla rejesho la kwanza halijalipwa, na ambayo hati za viwanja vingi zina migogoro tangu watu walipokimbia. Kwa hiyo nyumba hujazwa kwa fedha za ndugu walio Australia, Marekani au Kampala, kwa pesa za simu kupitia huduma kama m-Gurush iliyoanzishwa 2019, na kwa sanduk.

Sanduk ni upatu. Jina ni lile lile la sanduku la Kiswahili, na utaratibu ni ule ule wanaoujua akina mama wa Mwanza na Kisumu: kundi la watu huchanga kila wiki au kila mwezi, na kila zamu mmoja hubeba chote. Katika mji usio na mikopo ya nyumba, zamu ya sanduk ndiyo inayoamua kama mwezi huu ni wa kitanda au wa tenki. Biashara za Custom zinaielewa vizuri kalenda hiyo. Mteja wa sanduk huja na fedha taslimu, huja amekwisha kuulizia bei kwenye maduka matano, na hununua siku hiyo hiyo.

Maji na taa

Kinachofuata mlango ni maji. Sehemu kubwa ya Juba haina bomba, na magari ya tanki huchota maji ya mto Nile na kuyauza nyumba kwa nyumba. Japani, iliyojenga pia Daraja la Uhuru lililofunguliwa Mei 2022 juu ya mto huo, imesaidia kupanua mtambo wa kusafisha maji, vioski na vituo vya kujazia magari. Bado nyumba inahitaji mahali pa kuyahifadhi. Maskini huanza na pipa la chuma, la lita 200, na madumu. Mwenye uwezo hununua tenki la plastiki na kulisimamisha juu ya mnara wa chuma, ambao ni kazi nyingine ya fundi wa kuchomelea. Toka hapo hufuata bomba, koki, sinki, choo cha kuvuta na shimo lake. Katika ujazaji wa nyumba hakuna eneo linalowapa mafundi bomba kazi kama hili, na hakuna eneo lenye upungufu wa mafundi waliosomea kazi yao kama hili. Kiungo kilichokazwa vibaya huvuja ndani ya ukuta mpya, na familia hukigundua rangi inapoanza kubabuka.

Umeme umebadilisha orodha kuliko kitu kingine chochote katika miaka ya karibuni. Kwa muda mrefu Juba iliishi kwa jenereta, kila hoteli na kila ofisi na yake. Novemba 2019 ulizinduliwa mtambo wa dizeli wa megawati 33 uliojengwa na kampuni ya Ezra, na kampuni ya usambazaji, JEDCO, ikaanza kuunganisha nyumba kwa mita za kulipia kabla. Bei ya uniti imekuwa ya juu sana ikilinganishwa na Kampala au Dar es Salaam, kwa kuwa mafuta ya mtambo nayo hupita njia ile ile ya malori. Hata hivyo, mtaa unapopata nguzo, maduka ya vifaa vya umeme huona tofauti ndani ya wiki: nyaya, swichi, soketi, taa, feni za dari, kisha majokofu. Kwa nchi nzima, waliofikiwa na umeme bado hawafiki mmoja kati ya kumi, kiwango cha chini kabisa duniani. Ndiyo maana paneli za sola na betri zimepangwa mbele ya maduka mengi Juba, na nyumba ya kawaida hununua zote mbili kwa zamu, sola ya taa na simu kwanza, mita baadaye.

Jikoni mambo hayajabadilika hivyo. Utafiti wa kaya wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya kaya zilipikia kuni au makaa, na hata katika nyumba yenye vigae na sinki jipya, kanun, jiko la makaa, huwa limekaa nje chini ya rakuba, kibanda cha kivuli uani. Jiko hilo nalo ni la mafundi wa bati wa mjini.

Kitanda na mtiki

Ukitafuta mahali ambapo Sudan Kusini ingeweza kushinda bila kusubiri mtu, tazama kitanda.

Nchi hii ina mtiki, mti ambao wengine huuita msaji. Waingereza waliupanda Equatoria enzi za ukoloni, na mashamba yake yapo Loka katika Lainya, Kajo Keji, Nzara na kwingineko. Ni mbao ambayo mchwa hawaipendi na mvua haiiozeshi, na ulimwenguni huuzwa kwa fedha nyingi. Magogo yake yamekuwa yakisafirishwa kupitia Uganda kwenda India. Vita vilipoingia Equatoria mwaka 2016, ukataji ulibaki mikononi mwa wenye silaha na wafanyabiashara wa haraka, na vijiji vilivyouzunguka msitu vikapata kidogo au visipate kitu.

Wakati magogo hayo yakielekea kusini, lori linalopishana nayo limebeba kabati la mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi, kutoka Asia kupitia Mombasa au kutoka karakana za Kampala. Kabati hilo likipata unyevu wa masika ya kwanza ya Juba huvimba pembeni na mlango wake hukataa kufunga. Mwenye nyumba hakulichagua kwa kutojua mbao. Alilichagua kwa sababu lilikuwepo siku aliyokuwa na fedha, limekamilika, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya seremala ambaye lazima apewe malipo ya kwanza, asubiri mbao kutoka Yei katika barabara isiyo na uhakika, na aendeshe randa kwa jenereta.

Maseremala wapo, na kazi yao ni nzuri. Vitanda vya mtiki na mkangazi vyenye vichwa vya kuchongwa, meza za chakula, milango ya ndani, yote hutengenezwa Juba. Wanachokosa ni mbao iliyokaushwa vizuri, umeme wa bei wanayoimudu, na mtaji wa kutengeneza vitanda vitatu kabla mteja hajafika. Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipandisha hadi asilimia 35 ushuru wa pamoja wa baadhi ya bidhaa zitokazo nje ya jumuiya, samani zikiwa miongoni mwao, ili viwanda vya nyumbani vipumue. Wa kwanza kunufaika katika soko la Juba ni mwenye karakana aliyejiandaa, na kwa sasa aliyejiandaa yuko Kampala.

Jambo moja hakuna karakana ya nje iliyoliweza: milaya. Ni shuka za kitanda zilizotariziwa kwa mkono, maua, ndege na majani kwa nyuzi za rangi, kazi ambayo wanawake wa Sudan Kusini wamerithishana mama kwa binti. Kitambaa na nyuzi hununuliwa sokoni, vyote vya kutoka nje. Mwanamke huchora ua kwa penseli, huvuta kitambaa ndani ya duara la mbao ili kikazike kama ngoma, na huanza ukingoni, mshono kwa mshono, jioni baada ya jioni. Shuka moja yaweza kuchukua wiki kadhaa. Kambini Uganda wanawake waliendelea kutarizi, wakauza shuka hizo kupata sabuni na ada za shule, na Juba mradi wa Roots umekuwa ukikusanya mafundi wanawake wa makabila mbalimbali, ushanga na tarizi vikiwa kazi yao. Nyumba mpya haikamiliki machoni pa mama mwenye nyumba bila milaya kitandani mgeni anapokuja. Soko hilo limekuwepo miaka yote, na halijawahi kupewa hata banda la heshima.

Wauzaji wanaoishi na mzigo uliofungwa nusu

Custom ni soko la Afrika Mashariki yote. Utasikia Kiarabu cha Juba, Kiluganda, Kitigrinya, Kisomali, Kidinka na Kibari, na katikati yao Kiswahili cha madereva, cha Wakenya, na cha vijana wa Sudan Kusini waliokulia kambi ya Kakuma, Kenya. Waganda wameshika vyombo vya plastiki, magodoro na vyuma, Waethiopia na Waeritrea wamewekeza katika hoteli na maji, na Wasudan, hasa watu wa Darfur, wana maduka ya jumla na viwanda vya mikate.

Maisha yao yana hofu ambayo haionekani kwenye rafu. Septemba 2014 waraka wa serikali ulitaka kampuni na mashirika yaondoe wafanyakazi wa kigeni, kisha ukarudishwa nyuma baada ya siku chache. Julai 2016 jeshi la Uganda liliingia na msafara hadi Juba kuwaokoa raia wake, operesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Okoa Wananchi, na wafanyabiashara wengi waliacha bidhaa madukani. Januari 2025, baada ya habari za kuuawa kwa Wasudan Kusini huko Wad Madani, nchini Sudan, makundi ya vijana yalivamia na kupora maduka ya Wasudan Juba, watu wakafa, na serikali ikaweka amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi.

Muuzaji aliyepitia hayo hahifadhi mzigo mkubwa. Huleta kidogo, huuza upesi, hupeleka dola nyumbani. Mteja anayetaka vigae maboksi 40 ya rangi moja hupata 25, na yaliyobaki husubiri lori lijalo, ambalo huenda likaja na rangi inayokaribiana tu. Kuna nyumba Juba ambazo sakafu zake zinaonyesha wazi mahali lori moja lilipoishia na jingine lilipoanzia.

Yanayoweza kufanyika

Majirani wamewahi kuanza na kidogo. Mafundi wa bati wa Kamukunji, Nairobi, walifanya kazi chini ya jua mpaka Rais Moi alipowatembelea mwaka 1985, na baada ya hapo vibanda vikajengwa na jua kali, kama kazi zao zinavyoitwa, likaingia katika mipango ya taifa. Masanduku ya shule, majiko na makarai ya Kamukunji yako nyumba nyingi za Kenya hadi leo. Tanzania ilianzisha SIDO mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, na Keko, Dar es Salaam, kukawa mahali ambapo mtu anayeoa au anayejenga huenda kuagiza kitanda na makochi. Hakuna miujiza katika mifano hiyo. Kilichotangulia ni eneo lenye uhakika, umeme, na mamlaka isiyowafukuza mafundi kila msimu.

Juba ina mafundi wake tayari, na vijana wengi waliorudi kutoka Uganda na vyeti vya vyuo vya ufundi wanatafuta mahali pa kuweka mashine. Orodha moja ya tozo, iliyochapishwa na kubandikwa Nimule kwa lugha wanazosoma madereva, ingeshusha bei ya chuma kuliko msaada wowote. Nguzo ya umeme inayopelekwa kwenye safu ya karakana kabla ya kupelekwa kwenye safu ya hoteli ingeondoa dizeli kwenye bei ya mlango. Na sheria inayotaka sehemu ya mtiki wa Equatoria ipasuliwe na kukaushwa ndani ya nchi ingewapa maseremala mbao, na wenye msitu sababu ya kuutunza.

Mambo haya hayahitaji kusubiri mapato ya mafuta. Familia zinajenga sasa hivi, kwa fedha ndogo zinazokusanywa kwa shida kubwa. Fedha hizo zikibaki mjini zinaweza kumlipa kijana wa Gudele anayechomelea, naye akaingia katika sanduk, na zamu yake ikifika akaja Custom kununua tenki.

Alasiri, joto likipungua, ndiyo saa ya kupeleka milango. Vijana wanne huuinua mmoja, rangi yake ikiwa bado inanata kidogo pembeni, na kuulaza juu ya mkokoteni wenye magunia yaliyotandikwa usikwaruzike. Fundi hufuata nyuma na mfuko wa bawaba, nyundo na saruji kidogo ya kuzibia. Wakifika, mwenye nyumba huwa amekwisha kuondoa bati lililokuwa limeegemezwa kwenye tundu la mlango tangu nyumba ilipoezekwa. Fremu huingizwa, hupimwa kwa timazi, husukumwa kidogo kushoto, hupimwa tena. Ndani sakafu ni udongo uliopigwa, dari haijawekwa, waya zinaning'inia bila taa, na chumba cha akiba kina maboksi sita ya vigae kati ya 14 yanayohitajika. Usiku huo komeo linafungwa kutoka ndani kwa mara ya kwanza, na kitanda, kilichokuwa kwa shangazi tangu familia ilipokimbia, kinaletwa asubuhi yake.